Mnara, sumaku na kichwa kinachouma: maswali ninayoulizwa zahanati

Uga wa sumakuumeme ndiyo nini?
Ni eneo linalozunguka kitu chenye umeme au sumaku, mpaka pale nguvu yake inapoishia. Waya wa ukutani unao, simu inao, mnara unao. Dunia yenyewe ni sumaku.

Tangu wajenge mnara wa simu mtaani kwetu kichwa kinaniuma. Nihame?
Kapime presha kwanza. Mwezi uliopita mama mmoja wa Mbagala alikuja amejifunga khanga kichwani, kitanda amekihamisha mara mbili kukikwepa kivuli cha mnara, na pochini ana stika ya kuzuia mionzi aliyouziwa sokoni. Presha yake ilisoma 210 kwa 120. Miezi mitatu alikuwa anapigana na mnara!

Lakini mawimbi si yapo kweli?
Yapo, na hufifia haraka kadiri unavyosogea mbali. Simu uliyobana sikioni inakufikishia mengi kuliko mnara ulio nyuma ya nyumba. Watu wanaoamini kuwa mawimbi yanawaumiza wamejaribiwa bila kuambiwa kama mtambo umewashwa au umezimwa, hawakuweza kutofautisha. Ukiwa na wasiwasi na mnara, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania hupima. Wao wapime mnara, wewe upimwe presha.

Mimi sijawahi kuwa na presha, ni kizunguzungu tu.
Uliwahi kupima? Basi hujui. Presha mara nyingi haina dalili. Kapime. Na uache kumeza diklofenaki kila kichwa kikigonga, nayo hupandisha presha.

Mbona Ufaransa wanapima sumaku kwenye ule mtambo wa kuunganisha viini vya atomu?
ITER, kule Cadarache. Sumaku yake ya katikati imeundwa kufikia tesla 13 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Mashine nyingi za MRI, zile za hospitali zinazopiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, ni 1.5 au 3. Kwenye sumaku kubwa namna hiyo hupimwa mpaka wa militesla 0.5 (militesla ni tesla moja kugawa kwa elfu), ili mwenye betri ya moyo, kile kifaa cha kuusaidia moyo upige, asiuvuke, maana sumaku inaweza kuivuruga. Mnara wa mtaani hauna sumaku ya hivyo.

Basi na mimi nijihadhari wapi?
Mlangoni pa MRI. Sema kama una betri ya moyo au chuma mwilini. Toa sarafu, toa na pini za mtandio; hizo husahaulika kila mara.

Uso ukipinda upande, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, je?
Hicho ni kiharusi, ndiko presha isiyotibiwa inaweza kukufikisha. Hospitali sasa hivi, kwa bajaji, kwa bodaboda, kwa chochote. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa anayefaa kupewa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze.

Hata kama ni saa nane za usiku? Si tusubiri kupambazuke?
Usiku huo huo. Hospitali ya rufaa hailali.