Acheni kuyasingizia maji

Juzi kaja mtoto wa dada yangu kutoka Dar es Salaam. Kala vipande viwili hapa kazini kwangu Brooklyn, kajifuta mdomo, kisha: "Mjomba, eti ni kweli siri ya piza ya New York ni maji?" Alitaka kubeba chupa ya maji ya bomba arudi nayo nyumbani. Nimechoma piza miaka mingi na swali hili nimelisikia kwa wateja, kwa madereva, hata kwa fundi aliyekuja kuziba bomba lenyewe. La huyu kijana ndilo lililonimaliza.

Maji yetu yanatoka mbali, kwenye mabwawa ya milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, na ni laini kweli. Yana chokaa kidogo sana. Chokaa husaidia gluteni, ile protini ya unga inayofanya donge livutike, ikaze. Maji yakiwa laini mno, donge hunata na kulegea. Kwa hiyo ukiniminya nitakiri kwamba maji yana neno. Ila neno lenyewe unalifuta kwa kupunguza maji kidogo au kuongeza chumvi. Na unga unaotumika kwenye maduka mengi yanayouza piza kwa vipande una protini karibu asilimia 14. Unga wa namna hiyo hautetereki kwa sababu ya bomba.

Bado hujakubali? Nenda Greenwich Village. John's ya Mtaa wa Bleecker ipo tangu 1929, tanuri lake ni la makaa ya mawe, na kipande hawakuuzii: nunua piza nzima au nenda zako. Joe's ya Mtaa wa Carmine ni ya 1975, inachoma kwa gesi na kuuza vipande kwa watu waliosimama. Kutoka duka moja hadi la pili hata jasho halikutoki. Moja inakupa ukoko mkavu wenye madoa meusi ya kuungua, nyingine kipande cha kukunja mkononi ukaendelea na safari. Jiji moja, maji yale yale. Mbona piza hazifanani?

Tofauti ni tanuri na muda. Tanuri la makaa hupita nyuzi 400 za Selsiasi. La gesi mara nyingi liko kati ya 260 na 315. Donge nalo likilala kwenye friji siku moja hadi tatu hupata ladha ambayo hamira ya haraka haikupi. Aliyewahi kula chapati za unga uliopumzika na za unga uliokimbizwa hahitaji mhadhara.

Sasa linaloniudhi kuliko maji: jinsi watu wanavyolinganisha maduka. Mtu anakula kwa jirani piza nzima iliyotoka motoni sasa hivi, kwangu anakula kipande kilichokaa kwenye kabati la kioo, halafu anatangaza mshindi. Huo si ulinganisho, ni dhuluma. Kipande kimetengenezwa kichomwe mara mbili. Tunakitoa mara ya kwanza kabla hakijaiva sana chini, kwa sababu tunajua kitarudi tanurini dakika moja au mbili, na hapo ndipo ukoko unapokuwa mkavu wa kusikika ukiuma. Anayeomba "usinipashie" amejinyima nusu ya kazi yetu, kisha analalamika kwamba chini ni laini.

Halafu saa. Watu husema nenda mchana wakati wa foleni, vipande vinatoka motoni sasa hivi, havijakaa. Kweli, lakini kila piza unayoweka inanyonya moto wa jiwe la sakafu ya tanuri. Ukipanga piza nane mfululizo, ya nane chizi inachemka juu na chini bado imepauka. Saa tisa alasiri jiwe limerudisha moto wake, ila kipande chenyewe huenda kimekaa tangu saa saba. Duka zuri nalipima kwa saa zote mbili. Naagiza cha chizi tupu, maana pepperoni, zile soseji za juu, huficha madhambi mengi. Nakigeuza kwanza nitazame chini, ndipo nikionje. Na cha mraba cha L&B Spumoni Gardens kule Gravesend, ambacho sosi hukaa juu ya chizi, usikipambanishe na cha pembetatu cha mtu yeyote. Hiyo ni kama kushindanisha mkate wa kumimina na maandazi.

Nisijifanye najua yote. Sina hakika kama makaa ya mawe yanaacha ladha yoyote kwenye kitu kinachokaa motoni dakika chache, au tunaonja tu ule mwunguzo wa moto mkali. Wazee wa kazi hii huapa kwamba tanuri kuukuu lina ladha yake; mimi huitikia kwa adabu, moyoni nikishuku ni hadithi ya maji imevaa koti jingine. Na kuna siku donge la siku ya tatu linanishinda kwa uzuri, na wiki inayofuata, kipimo kile kile, friji ile ile, linatoka kama kadibodi. Sijui kwa nini. Nalaumu hali ya hewa.

Yote haya nilimweleza kijana, naye akaitikia "ndiyo Mjomba" kila baada ya sentensi. Jana nikimsaidia kufunga begi nimekuta chupa tatu za maji, zimeviringishwa kwenye taulo langu.