Simu ya Mteja Si Mbovu

Wanaoanza kutengeneza programu za Android huniletea lalamiko lilelile kila mara. Programu inafanya kazi vizuri kwenye simu ya aliyeitengeneza, lakini kwa wateja fomu inajifuta katikati ya kazi. Kisha linafuata hitimisho ambalo sasa nimechoka kulisikia: "Nadhani simu zao ni mbovu, kaka." Juzi nimelisikia tena, nikaona heri niandike.

Simu zao ni nzima. Kilichoharibika ni imani kwamba programu ikishafunguliwa inabaki hai mpaka mwenye simu aifunge. Hiyo ni tabia ya kompyuta ya mezani. Kwenye Android haijawahi kuwa kweli, tangu toleo la kwanza la mwaka 2008.

Ya msingi nayapita mbio. Unapakua Android Studio, zana ya kuandikia programu, unaandika kwa lugha ya Kotlin (Google iliikubali rasmi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikaipa nafasi ya kwanza), unajenga skrini kwa Compose, Gradle, zana ya kuunganisha msimbo, inakutolea kifurushi cha kupeleka Play Store. Lugha ya Java bado ipo kwenye msimbo mwingi wa makampuni, kwa hiyo ujue kuisoma. Ubishi wa Kotlin na Java umewala watu miezi mizima na haustahili hata jioni moja. Unaweza kuandika Kotlin safi kabisa na fomu yako ikajifuta vilevile.

Tuje kwenye lenyewe. Mtu akigusa aikoni ya programu yako, mfumo unaiagiza Zygote, mchakato mama (mchakato ni programu ikiwa inaendeshwa) ambao tayari umepakia maktaba za Android, izae mchakato mpya. Mchakato huo unaendeshwa chini ya namba ya mtumiaji wa Linux iliyotengwa kwa programu yako peke yake, ndipo mfumo unaita onCreate, sehemu ya kuanzishia, ya aktiviti yako, yaani skrini yako. Angalia nani kamwita nani. Hukuanza mwenyewe, umeitwa, na aliyekuita ndiye mwenye uwezo wa kukuondoa. Programu ya Android ni mpangaji, na mwenye nyumba hatoi notisi.

Sababu yake ni ya kihistoria na ina mantiki. HTC Dream, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, ilikuwa na RAM ya MB 192. Kompyuta ikipungukiwa RAM huhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski. Simu ile haikuwa na nafasi ya mchezo huo. Wabunifu wakaamua kwamba RAM ikibana, mfumo uue michakato isiyoonekana mbele ya mtumiaji, kisha akirudi ijengwe upya pale pale alipoachia, bila yeye kuhisi kitu. Ni makubaliano ya pande mbili. Android inakurudishia skrini, na wewe unarudisha kilichokuwamo. Upande wa pili ndio usiotimizwa.

Na wakati wa kuuawa hakuna kuaga. Kila mchakato una alama yake. Ulio mbele ya macho una alama ya chini, uliosahaulika nyuma una ya juu, na mlinzi wa kumbukumbu anaitwa lmkd anaanza na wenye alama za juu. Anatuma SIGKILL, amri ya kuua mchakato papo hapo. Mstari wako uliouweka ndani ya onDestroy, sehemu ya kufungia aktiviti, ili "kuhifadhi kila kitu programu ikifungwa" hausomwi. Nyaraka za Android zinasema wazi kwamba onDestroy haina uhakika wa kuitwa, na bado kila msimbo wa tatu ninaoletewa una hifadhi yake humo! Jamani, itoeni. Hifadhini mapema, data inapobadilika.

Chukua mfano wa wakala anayesajili wakulima wa korosho huko Newala kwa simu ya RAM ya GB 1. Simu za kiwango hicho zilikuwa za kawaida kiasi kwamba mwaka 2017 Google ilitangaza Android Go mahsusi kwa ajili yake. Wakala amejaza jina, kijiji, ekari, idadi ya mikorosho. Anabonyeza kitufe cha kupiga picha ya kitambulisho. Kamera inafunguka, na kamera ni mlaji mkubwa wa RAM. Programu yako haionekani tena, alama yake imepanda, lmkd anaiua. Wakala anapiga picha, anakubali, Android inazaa mchakato mpya na kurudisha skrini ileile ya fomu. Iko tupu. Mkulima amesimama mbele yake, jua linawaka, naye anaanza kuuliza ekari upya. Hali ni ileile mtu akitoka kwenda kupiga *150*00# alipe, akasoma meseji ya muamala, kisha akarudi. Kutoka na kurudi ndiyo namna ya kawaida ya kutumia simu kwetu, si tukio la pembeni.

Sasa sehemu inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu hata walimu wa video huichanganya. Kuna vifo vya aina tatu na kila kimoja kina sheria yake.

Cha kwanza ni kuzungusha simu. Aktiviti inavunjwa na kujengwa upya, lakini mchakato unabaki. Hapa ViewModel, kitu kinachoshika data ya skrini, inaokoka, ndiyo maana mtu akizungusha simu na kuona data ipo anatangaza ushindi. Cha pili ni kifo cha mchakato, kile cha kamera. ViewModel inakufa pamoja nao, maana iliishi ndani yake. Kinachobaki ni Bundle, mfuko mdogo wa data unaojazwa ndani ya onSaveInstanceState, kwa kuwa hiyo hukabidhiwa kwa mfumo na kutunzwa nje ya mchakato wako. SavedStateHandle ndani ya ViewModel hupitia njia hiyohiyo. Kwenye Compose, remember haivuki hata mzunguko wa simu, rememberSaveable inavuka vyote viwili. Cha tatu ni mtumiaji mwenyewe kuisukuma programu nje ya orodha ya za karibuni. Hapo Bundle inatupwa kwa makusudi, kwa sababu amesema amemaliza. (Wanaosukuma zote nje kila saa ili "kuokoa betri" wanailazimisha simu ianze kila programu kutoka sifuri, na kuanza upya kunakula betri zaidi.)

Bundle nayo ina mipaka. Inapita kwenye Binder, njia ya michakato kuwasiliana, ambayo bafa yake (nafasi ya kupitishia data) ni MB 1 kwa mchakato mzima, ikigawanwa na miamala yote inayoendelea. Ukitia picha humo programu inaanguka. Weka njia ya faili peke yake. Na njia yenyewe uihifadhi kabla ya kufungua kamera. Nimekuta programu zinazorudisha fomu yote vizuri, picha imo kwenye simu, lakini mchakato mpya haujui iliandikwa wapi. Vilevile registerForActivityResult, inayosajili mpokeaji wa jibu, iitwe kila aktiviti inapoundwa, bila sharti lolote, la sivyo jibu la kamera linamkosa mpokeaji.

Mtego mwingine ni kitu cha jumla (kinachofikiwa na programu nzima) kinachobeba taarifa za aliyeingia, kinachojazwa kwenye skrini ya kuingilia na kusomwa kila mahali. Mchakato ukifa na mtumiaji akirudi, Android haimpitishi tena kwenye skrini ya kuingilia. Inamrudisha moja kwa moja skrini ya tatu, kitu kile ni null, yaani hakipo, programu inaanguka. Kila skrini lazima iweze kusimama peke yake, kana kwamba ndiyo ya kwanza kufunguliwa.

Vitabu vinasema hali ndogo ya skrini iende kwenye Bundle, data ya kweli iende kwenye hifadhidata ya Room. Inasomeka vizuri, mpaka ukutane na fomu iliyojazwa nusu. Ni hali ya skrini au ni data? Betri ikiisha, Bundle ya kawaida imekwenda na maji. Mimi naandika rasimu kwenye Room kila sehemu inapojazwa, na bado sina amani na uamuzi huo. Rasimu zilizoachwa zinakaa kwenye simu zikiwa na namba za vitambulisho vya watu, na simu ya wakala mara nyingi inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Kuzifuta baada ya siku moja kunamuumiza aliyekosa mtandao kwa siku mbili. Kuziacha kunamweka mkulima hatarini. Nimebadilisha msimamo kutoka mradi hadi mradi.

Kuna jambo moja linalowatetea kidogo wanaolaumu simu. Baadhi ya watengenezaji huongeza wauaji wao juu ya yule wa Android, wakali zaidi, hasa kwa kazi za nyuma. WorkManager yako, inayoendesha kazi hizo za nyuma, itachelewa kutuma data na hakuna msimbo utakaoondoa hilo lote. Lakini hilo linahusu kutuma. Fomu iliyojifuta ni yako.

Kupima ni rahisi, na ndiyo maana sina subira na asiyepima. Jaza fomu nusu, bonyeza kitufe cha nyumbani, kisha kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu andika adb shell am kill ikifuatiwa na jina la kifurushi chako, halafu irudie programu kupitia orodha ya za karibuni. Usitumie force-stop, hiyo inafuta hali yote na si kifo tunachokitafuta. Lile chaguo la wasanidi la kutotunza aktiviti linasaidia, ila linaua aktiviti na kuuacha mchakato, kwa hiyo vitu vyako vya jumla vitaonekana vizima wakati si vizima. Fanya hivyo kwenye kila skrini, na mara moja zaidi kamera ikiwa wazi, kabla hujapiga picha.