Nyumba ya Likizo Pwani: Dhana Zinazowaponza Wanunuzi

Sikukuu za Desemba zinapokwisha, simu ofisini hazikatiki. Wanaopiga wametoka kupumzika Nyali, Diani au Watamu, wamelipia nyumba bei ya msimu, na wamerudi makwao na hesabu moja kichwani: ikiwa mimi nimelipa kiasi hiki kwa usiku mmoja, basi nikinunua yangu, wageni watanilipia. Kazi yangu hapa Mombasa ni kuthamini nyumba na kuwasimamizia mali watu wasioishi Pwani, na hakuna kauli inayonisikitisha kuliko hii ya kwamba nyumba ya likizo hujilipa yenyewe. Nimewaona watu makini, wenye biashara zinazokwenda vizuri, wakiiamini bila kuandika hata mstari mmoja wa gharama.

Kosa la kwanza ni kuuchukua mwezi wa Desemba na kuuzidisha kwa 12. Wageni huja kwa wingi kuanzia likizo ya shule ya mwisho wa mwaka hadi wiki ya kwanza ya Januari, wakati wa Pasaka, na mwezi wa Agosti. Kuanzia Aprili hadi Juni mvua za masika hunyesha, kusi huvuma, bahari huchafuka na mwani hurundikana ufuoni, na zipo hata hoteli ambazo hufunga milango kwa wiki kadhaa ili zifanye ukarabati. Ikiwa hoteli yenye kitengo kizima cha mauzo haijazi vyumba mwezi wa Mei, nyumba yako ya vyumba vitatu huko Bamburi itajazwa na nani?

Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi milioni 18 inayokodishwa kwa 10,000 kwa usiku, nayo ipate wageni siku 120 kwa mwaka. Hayo ni mapato ya 1,200,000. Anayekusimamizia akichukua asilimia 20, zinabaki 960,000. Mishahara ya mlinzi na mtunza nyumba pamoja na ada ya huduma za mtaa, tuseme 40,000 kwa mwezi, huondoa 480,000. Stima, maji na intaneti kwa 15,000 kila mwezi huondoa 180,000 nyingine. Ukitenga asilimia moja ya bei ya nyumba kwa ajili ya matengenezo, nazo ni 180,000, unabaki na 120,000 kwa mwaka mzima, na hapo sijataja kodi ya mapato, ada za mtandao unaokuletea wageni, wala magodoro na mashuka ya kubadilisha. Aliyenunua kwa mkopo wa milioni 10 kwa riba ya asilimia 14 atadaiwa riba inayokaribia 1,400,000 katika mwaka wa kwanza peke yake. Ni nani basi anayemlipia mwenzake?

Wapo wanaonijibu kwamba hawajali mapato kwa sababu nyumba ni ya familia. Jibu hilo ni la haki, ila nalo lina hesabu yake. Familia inayokuja Pwani wiki 3 kwa mwaka ingekodi nyumba nzuri kwa 15,000 kwa usiku na kutumia 315,000, hali gharama za kuiendesha nyumba ya mfano wangu, hata asipokanyaga mgeni, ni 840,000.

Kwenye mstari wa matengenezo ndipo watu wa bara wanapokosea zaidi, kwa kuwa wanapima kwa nyumba zao za Nairobi au Nakuru. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hiyo haichagui. Bawaba ya chuma cha kawaida huanza kuchuruzisha mistari ya kutu kwenye fremu ya mlango baada ya misimu michache tu. Kisha komeo hukwama, sehemu ya nje ya kiyoyozi huliwa mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba vya kupoza, na mahali ambapo nondo zilifunikwa kwa saruji nyembamba, kutu huvimba ndani na kuupasua ukuta. Makuti nayo huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka 5 hadi 7 hivi. Nyumba iliyofungwa huharibika upesi kuliko inayokaliwa, kwani hewa haizunguki, ukungu hushika magodoro na nguo, na mchwa hujenga njia zao nyuma ya makabati pasipo mtu wa kuwaona. Kwa sababu hiyo humwambia kila mteja asinunue karibu na bahari nyumba yenye madirisha ya chuma cha kawaida, hata ikipunguzwa bei, labda awe tayari kuweka alumini yote upya.

Ushauri ninaoung'ang'ania, na ambao wengi huukataa kwa kuwa unawaharibia furaha, ni huu: usinunue nyumba uliyoiona Desemba mpaka urudi Mei. Kodi nyumba hiyo hiyo, au ya jirani, ulale humo wiki mbili. Tazama paa mvua ikinyesha. Fungua mabomba yote asubuhi. Mombasa hupokea maji yake kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na mgao wa maji ni jambo la kawaida. Ukiambiwa kuna kisima, onja maji yake, kwa sababu visima vingi karibu na ufuo ni vya maji ya chumvi na utalazimika kununua maji ya boza.

Dhana nyingine nitazipitia kwa ufupi.

Wengi huamini kwamba anayenunua nyumba amenunua na ardhi. Mombasa ina historia ndefu ya nyumba bila ardhi, ambapo mwenye jengo ni mmoja na mwenye kiwanja ni mwingine, kwa hiyo karatasi ya mauziano ya nyumba haikupi hatimiliki. Wakili wako, wala si wa muuzaji, afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi kabla hujalipa chochote. Kwa ghorofa, uliza kama jengo limesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2020 inayompa kila mnunuzi hati ya sehemu yake, na usome kanuni za wakazi, kwani baadhi ya majengo hayaruhusu wageni wa siku chache.

Ufuo ulio mbele ya ukuta wako si wako. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaiweka ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa katika mali ya umma, na hakuna dalali mwenye uwezo wa kukuuzia.

Asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Kifungu cha 65 kinamruhusu kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, na viwanja vya safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini vinahitaji idhini ya waziri kabla ya kuuziwa mgeni. Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Katiba hiyo na hajarejeshewa wake anahesabiwa kuwa mgeni pia, jambo ambalo ndugu zetu wa ng'ambo husahau.

Bei iliyotajwa haiwi ndiyo gharama ya kununua. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 720,000 kwa nyumba ya milioni 18, na ada ya wakili iko juu ya hapo.

Mwisho ni wale wanaosema kwamba wakichoka watauza mara moja. Nyumba za likizo hukaa sokoni kwa muda mrefu, kwa kuwa mnunuzi wake ni mtu asiyeihitaji ili aishi, na fedha zikipungua nchini huyo ndiye wa kwanza kujitoa. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mauzo imekuwa asilimia 15, na msamaha unaotolewa kwa makazi binafsi humtaka muuzaji awe ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuuza, sharti ambalo nyumba ya kufikiwa Desemba na Pasaka haiwezi kulitimiza. Weka kila risiti ya ukarabati mkubwa tangu siku ya kwanza, maana gharama za kuiboresha nyumba hutolewa katika faida kabla ya kodi kukokotolewa, na bila risiti hutakuwa na cha kuonyesha.