Weupe wa matumbawe si usafi jamani

Mwezi uliopita mteja wangu wa Tudor, afuga matumbawe kwenye tanki nyumbani, kanitumia picha saa tatu usiku, furaha tupu: "Fundi, zile taa nimezifungulia zote, tazama matumbawe yalivyotakata!" Kutazama, nikakaa chini. Meupe pe, kama yale makavu waliyokuwa wakiuziwa watalii ufukweni, ukivuta picha karibu unaona mfupa kupitia ile nyama. Hayajatakata bwana, yana njaa.

Hii ndiyo inayonimaliza. Kila mtu hapa Mombasa ananambia fundi sisi tuko karibu na ikweta, huko mwambani jua la saa sita lapiga mpaka macho yauma na matumbawe yako salama, basi taa weka mia kwa mia. Jua ni kweli, mchana wa anga safi PAR, yaani kipimo cha mwanga ambao mimea na mwani wautumia, juu ya maji yafika kama 2000. Lakini si kila tumbawe linakaa pale juu, kuna ya mita kumi kwenda chini, kuna ya kivulini mwa jiwe, na kile kipande cha tumbawe ulichouziwa kimekuzwa chini ya taa miezi na miezi, jua hakilijui. Ndani ya nyama yake mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, huo ndio mpishi wa nyumba, wapika kwa mwanga. Mwanga ukizidi ghafla mwani unaanza kutoa oksijeni yenye sumu, tumbawe linautema, rangi inakwenda nao na chakula kinakwenda nao. Maji yakiwa na joto ndio balaa zaidi, 1998 miamba ya pwani yetu ilipauka kwa joto la El Niño, na wewe tanki umeliweka sebuleni mna joto la nyuzi 31 hata feni hakuna.

Sasa nasema tena. Kipande kipya kiweke chini kwenye mchanga, taa anzia asilimia 30, kaa nayo wiki nzima, halafu panda asilimia 5 mpaka 10 kila wiki basi. Matumbawe laini yatosheka na PAR 50 mpaka 150, hizo 200 mpaka 350 ni za SPS, yale matumbawe magumu yenye vinywa vidogo vidogo, na wewe mgeni SPS hukuitwa. Kama huna mita ya PAR azima, usikisie kwa macho, macho yadanganya.

Mwingine ananambia, "Nimenunua taa ya wati nyingi." Wati ni umeme unaoliwa, si mwanga unaofika chini. Lenzi, urefu wa kuning'iniza taa na rangi zake ndio mambo, na ile taa ya kumulika geti uliyochukua duka la hadiwea itakukuzia ukoko wa kijani tu.

Mwingine, "Mwanga wa buluu ni urembo." Ule mwani hula buluu zaidi, mawimbi ya kama nanomita 420 mpaka 470. Nyeupe ndio ya urembo, ya kukuonyesha samaki wako.

Dirishani pia usiweke, joto na ukoko, nimemaliza.

Na hii ya kuwasha alfajiri mpaka mulale kwa sababu wageni wataka kuona! Masaa 8 mpaka 10, yatosha. Nunua taima, hata ile ya bei rahisi, washa saa nane mchana zima saa nne usiku, utaona samaki ukirudi kazini na tanki litapata giza lake. Tanki likiwa bado lina mawe tu ndio kwanza linaiva, yaani maji hayajawa tayari kuwekwa matumbawe, taa ya nini? Zima.

Yule wa Tudor nimemshushia mpaka 25 siku ile ile, nikamtolea na feni ya kupuliza juu ya maji. Juzi kanipigia, analalamika, ati kipande kimoja kimeanza kuingia rangi ya kahawia pembeni, nije nimsafishie.