Kalsifilaksisi: chokaa inapoziba mishipa ya ngozi

Kalsifilaksisi ni ugonjwa adimu unaowapata hasa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi na wanasafishwa damu kwa mashine. Madini ya kalsiamu, yaani chokaa, hujijenga kwenye kuta za mishipa midogo ya ngozi na ya mafuta yaliyo chini yake. Mshipa hukakamaa, njia yake husinyaa, kisha damu huganda ndani na kuuziba kabisa. Ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa. Jina lilitungwa na mtafiti Hans Selye mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipokuwa akifanya majaribio kwa panya na kudhani kuwa ni jambo linalofanana na mzio. Kwa binadamu si mzio, ila jina limebaki.

Dalili ya kwanza ni maumivu, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mgonjwa analia kwa paja au tumbo, ukitazama huoni kidonda. Vitabu vinataja michirizi ya zambarau yenye umbo la wavu, lakini kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo hujificha. Tumia vidole: papasa taratibu tumboni, mapajani na matakoni. Utakuta bonge gumu, kama kokoto zilizoshonewa chini ya ngozi, na mgonjwa atashtuka ukiligusa. Baadaye ngozi hupasuka na kufanya gamba jeusi. Kwa baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya au Njombe, ni rahisi kusema ni baridi tu, akachuliwa kwa maji ya moto. Usichue. Ngozi isiyopata damu huungua na kuchubuka upesi. Sindano ya insulini nayo isichomwe penye bonge.

Chanzo si kimoja. Fosfeti, madini yanayotoka kwenye chakula, ikipanda kwenye damu, vijitezi vya parathiroidi shingoni huchochewa kupita kiasi na kuvuta kalsiamu kutoka mifupani. Kisukari, unene na kuwa mwanamke huongeza hatari. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ina nafasi ya pekee: huzuia vitamini K, na bila vitamini hiyo protini inayolinda mishipa isijae chokaa haifanyi kazi. Hata hivyo usiiache mwenyewe, hasa ukiwa na vali bandia ya moyo. Daktari ndiye wa kuamua. Vidonge vya kalsiamu na vya vitamini D navyo hupitiwa upya.

Chakula kina sehemu yake. Usipa wa Kyela, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, huliwa pamoja na mifupa yake, hivyo hubeba fosfeti nyingi. Soda nyeusi pia.

Kukata kipande cha ngozi kwa uchunguzi kunaweza kuzaa donda jipya, kwa hiyo mara nyingi daktari hutegemea macho na historia. Dawa inayotumika sana ni sodiamu thayosalfeti, kwa kawaida gramu 25 kwa dripu katika saa ya mwisho ya kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Ushahidi wake bado si imara. Muda wa mashine huweza kuongezwa. Takribani nusu ya wagonjwa, pengine zaidi, hufariki ndani ya mwaka, wengi kwa vijidudu vinavyoingia kupitia donda na kusambaa kwenye damu. Ndiyo maana kusafisha kidonda ni sehemu ya tiba yenyewe, si kazi ya pembeni.

Maumivu yatulizwe kwa dawa kali, ila mofini iepukwe: mabaki yake hutolewa na figo, na figo hizo hazifanyi kazi. Fentanili ni salama zaidi.