Mgonjwa mahututi, dripu na ultrasaundi ya kitandani: yanayosemwa na ukweli wake

"Ultrasaundi ni ya wajawazito." Huku Mtwara ukisukuma mashine mpaka kitanda cha mzee aliyezidiwa, ndugu wanaulizana kabisa, jamani si mwanaume huyu? Ndo hiyohiyo. Inaonyesha moyo unavyodunda, mapafu, na vena kava, ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

"Presha imeshuka, mwaga dripu." Hii ndo sugu, na sio ya ndugu tu, hata sisi wahudumu tunayo. Utafiti wa FEAST wa 2011 ulifanyika hukuhuku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, na waliokimbiziwa maji mengi kwa mkupuo walikufa zaidi ndani ya saa 48, kama 10.6% dhidi ya 7.3% ya wasiokimbiziwa. Kwa hiyo chupa nyingi sio huduma bora, ndugu zangu.

"Vena kava ikiwa nyembamba mpe maji, ikiwa nene acha." Ingekuwa rahisi hivyo tungelala. Kwa anayepumua mwenyewe, ikiwa haizidi sm 2.1 na akivuta pumzi ya nguvu puani inasinyaa zaidi ya nusu, maana yake presha ya upande wa kulia wa moyo iko chini, basi, haijasema anahitaji maji, maana hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa nayo hivyo. Halafu kuna mwenye TB iliyojaza maji kwenye mfuko wa moyo, mshipa umetuna kabisa na presha iko chini, huyo shida yake ni moyo kubanwa na anachohitaji haraka ni kuvutwa yale maji. Na akiwa kwenye ventileta mambo yanageuka, mashine ikisukuma hewa mshipa unatanuka badala ya kusinyaa.

"Mistari myeupe kwenye picha ya mapafu ni maji tayari." Ikiwa 3 au zaidi kati ya mbavu mbili, tena sehemu kadhaa pande zote, shuku maji, ila nimonia nayo inaleta, mara nyingi kwa mabaka.

"Tulishampima asubuhi." Lita moja ikiingia picha sio ileile, paka jeli upime tena kabla ya kutundika chupa nyingine.