Skripti ni nini, na anayeanza aanzie wapi

Skripti ni maagizo yaliyoandikwa kwenye faili la maandishi ya kawaida, ambayo kompyuta huyasoma na kuyatekeleza moja baada ya jingine. Lugha inayotumika kuyaandika ndiyo huitwa lugha ya skripti. Python, Bash, JavaScript, Perl, Ruby, Lua na PowerShell zote zimo katika kundi hilo, ingawa kila moja ina makao yake: JavaScript kwenye kurasa za wavuti, Bash kwenye seva za Linux, PowerShell kwenye Windows, Lua ndani ya michezo ya kompyuta, na Python karibu kila mahali.

Anayeandika kwa lugha kama C hupitisha kwanza msimbo wake kwenye kompaila, ambayo huugeuza kuwa lugha ya mashine, ndipo programu iendeshwe. Mwandishi wa skripti hana haja na hatua hiyo. Ipo programu nyingine, intapreta, inayolipokea faili lake kama lilivyo na kulitekeleza papo hapo. Mpaka kati ya pande hizo mbili si mkali sana siku hizi, maana hata Python hugeuza msimbo kuwa baitikodi, yaani maagizo ya ngazi ya kati, kwa siri kabla ya kuutekeleza. Kwa anayeanza, kilicho muhimu ni kwamba unabadili mstari mmoja, unahifadhi, unaendesha na unaona matokeo palepale.

Lugha hizi zilizaliwa na watu waliotaka kumaliza kazi ndogondogo za kila siku. Mwaka 1977, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Alfred Aho, Peter Weinberger na Brian Kernighan walitengeneza AWK kwa ajili ya kuchambua maandishi yaliyopangwa kwa safu. Mwaka 1987 Larry Wall alitoa Perl, ambayo lengo lake la awali lilikuwa kuchota habari kutoka mafaili ya maandishi na kuzigeuza ripoti. Mholanzi Guido van Rossum akatoa toleo la kwanza la Python mwaka 1991. Mifano yangu hapa ni ya Python, kwa kuwa msimbo wake unasomeka hata na mtu asiyeijua.

Tatizo linalofaa skripti linatambulika kwa sura. Ni kazi unayojua kuifanya kwa mkono, kanuni yake ni ileile kila mara, na kinachochosha ni wingi wake, wala si ugumu. Kubadili majina ya mafaili mia tatu. Kuondoa anwani za barua pepe zilizojirudia katika orodha. Kujumlisha safu moja iliyotawanyika katika mafaili kumi na mawili. Kutafuta neno katika folda nzima ya kumbukumbu za mikutano. Kazi inayodai uamuzi mpya kila hatua, kama vile kuamua ni picha ipi imetoka vizuri, iache kwanza.

Nina msimamo mmoja hapa: anayeanza hujifunza upesi zaidi kwa kero yake mwenyewe kuliko kwa mazoezi ya kitabuni. Kero yako unaifahamu. Unajua jibu sahihi linavyotakiwa kuwa, kwa hiyo skripti ikikosea utaona bila kuambiwa na mtu.

Chukua folda yenye picha zilizopewa majina picha1.jpg hadi picha120.jpg. Ukizipanga kwa majina, baadhi ya programu zitakuletea picha1, picha10, picha100, picha101, na picha2 itajitokeza baadaye sana, nyuma ya picha19. Hapo kompyuta haijakosea. Inalinganisha maandishi herufi kwa herufi, na kila herufi ina namba yake katika jedwali la Unicode: alama ya 1 ni 49, alama ya 2 ni 50. Neno lenye 1 katika nafasi ya sita litatangulia neno lenye 2 katika nafasi hiyohiyo, hata kama baada ya ile 1 zimefuata tarakimu nyingine. Dawa yake ni kuongeza sifuri mbele: picha001, picha002, picha010.

Kabla ya kugusa kibodi, andika kanuni hiyo kwa lugha unayoizungumza. Kwa kila faili ndani ya folda ya picha ambalo jina lake linaanza na "picha" na kuishia na ".jpg", chukua kilichobaki katikati, kama ni namba, kiongezee sifuri mbele hadi kiwe na tarakimu tatu, kisha unda jina jipya. Ukiweza kuandika sentensi kama hiyo bila kuacha mwanya, sehemu ngumu ya kazi umeimaliza. Ukishindwa, hakuna lugha ya kompyuta itakayokuokoa, kwa sababu intapreta haikisii ulichokusudia.

Kwa Python sentensi hiyo inakuwa hivi:

```
from pathlib import Path

folda = Path("picha")

for faili in sorted(folda.glob("picha*.jpg")):
    namba = faili.stem.removeprefix("picha")
    if namba.isdigit():
        jipya = "picha" + namba.zfill(3) + ".jpg"
        print(faili.name, "->", jipya)
```

Neno for linaanzisha kitanzi: mistari iliyosogezwa ndani hurudiwa kwa kila faili lililopatikana na glob, ambayo hutafuta mafaili kwa umbo la majina yao. Faili.stem ni jina bila ".jpg". Removeprefix, iliyoingia katika Python 3.9 mwaka 2020, huondoa neno la mwanzo, na zfill(3) huongeza sifuri hadi zitimie tarakimu tatu. Majina folda, namba na jipya ni vigeu, yaani lebo ulizozitunga mwenyewe za kushikia thamani. Yape majina yenye maana. Ukirudi baada ya muda mrefu utakuta x na y hazikwambii chochote.

Mstari wa if, unaohakikisha kilichobaki ni tarakimu tupu, una sababu yake. Bila huo, faili linaloitwa pichani.jpg nalo lingenaswa, kwa kuwa linaanza na "picha", na lingepewa jina picha0ni.jpg. Vitu vya aina hiyo havionekani mpaka ukutane navyo, ndiyo maana skripti hii haibadilishi chochote kwanza. Inachapisha tu jina la zamani na jipya. Isome orodha yote kwa makini. Ukiridhika, badala ya mstari wa print weka huu:

```
        faili.rename(folda / jipya)
```

Na hata hapo, nakili folda nzima mahali pengine kabla ya kuendesha. Si woga. Kwenye Linux na macOS, amri ya rename ikikuta tayari kuna faili lenye jina hilo jipya, hulifuta lililokuwepo kimyakimya na kuweka hili mahali pake. Windows hugoma na kutoa kosa. Skripti ileile, kompyuta mbili, na mojawapo inaweza kukupotezea picha bila kukuonya.

Suala la picha lina mzizi unaowasumbua wanaoanza kuliko jambo lingine lolote, nalo ni tofauti kati ya namba na maandishi yanayofanana na namba. Kwa macho yetu 3 ni 3. Kwa Python, 3 na "3" ni vitu viwili tofauti. Ukimwomba mtumiaji aandike namba kwa kutumia input(), kinachorudi siku zote ni maandishi, hata kama amebonyeza tarakimu tupu. Akiandika 3 kisha 4 na wewe ukavijumlisha, utapata "34". Ukizidisha "3" kwa 2 utapata "33". Hakuna kosa litakalotangazwa, jibu litakuwa si sahihi tu, na hilo ndilo linalonifanya nilisisitize. Geuza kwanza: int("3") kwa namba kamili, float("3.5") kwa yenye desimali.

Kinyume chake pia kina madhara. Namba ya usajili kama 0045 ukiigeuza kwa int inabaki 45, na zile sifuri za mbele zimekwenda. Namba ya simu hali kadhalika. Kipimo ninachokitumia ni hiki: kama kitu hutakijumlisha wala kukipigia hesabu, kiache kiwe maandishi. Na kama ni fedha, usitumie float. Iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004, kwa kuwa sehemu hizo haziandikiki kikamilifu katika mfumo wa jozi, yaani wa 0 na 1 tu, unaotumiwa na kompyuta. Hesabu kwa kizio kidogo kabisa, kama senti, kwa namba kamili, au tumia decimal, moduli (kifurushi cha msimbo) inayokuja na Python kwa hesabu za desimali.

Tatizo jingine la kila siku ni orodha yenye marudio. Tuseme orodha.txt ina anwani ya barua pepe kila mstari:

```
zilizoonekana = set()

for mstari in open("orodha.txt", encoding="utf-8"):
    anwani = mstari.strip().lower()
    if anwani and anwani not in zilizoonekana:
        zilizoonekana.add(anwani)
        print(anwani)
```

Set ni mkusanyiko usioweka kitu kimoja mara mbili, lakini uzito wa skripti hii umekaa kwenye strip, inayoondoa nafasi tupu na alama za mstari mpya mwanzoni na mwishoni, na lower, inayogeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Kwa kawaida mstari wa faili huishia na alama isiyoonekana ya mstari mpya, na mara nyingi mtu ameacha nafasi tupu baada ya neno bila kujua. Kwa kompyuta, anwani yenye nafasi mwishoni na ile isiyo nayo ni mbili. Mstari wa mwisho wa faili wakati mwingine hauna ile alama, kwa hiyo bila strip ungeshangaa kuona anwani ya mwisho tu ndiyo inakataa kutambuliwa kuwa imejirudia. Data iliyoandikwa na binadamu huwa na uchafu wa namna hii, na kuusafisha ni sehemu halali ya kazi.

Skripti itagoma, na ikigoma itatoa maelezo marefu. Wengi huyafunga bila kuyasoma. Katika Python anza kusoma mstari wa chini kabisa, kwa kuwa ndio wenye jina la kosa na sababu yake. Mistari ya juu inaonyesha njia iliyopitwa hadi kufika hapo. NameError mara nyingi ni jina la kigeu lililoandikwa vibaya. IndentationError ni nafasi za mwanzo wa mstari zisizolingana. SyntaxError ikikuelekeza kwenye mstari usio na tatizo, tazama mstari uliotangulia. Huenda kuna mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa.

FileNotFoundError inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu faili unaliona kwa macho yako na Python inasema halipo. Ukiandika "orodha.txt" bila njia kamili, Python hulitafuta katika folda ambamo ulikuwa ulipoiendesha skripti, wala si lazima iwe folda ilimokaa skripti yenyewe. Weka mistari hii juu ya skripti, nayo itakwambia inatazama wapi:

```
from pathlib import Path
print(Path.cwd())
```

Ukikwama kabisa na kutaka kumuuliza mwenzako, mpe vitu vitatu: mistari michache ya data uliyoanza nayo, matokeo uliyotarajia kutoka kwa data hiyohiyo, na ujumbe wa kosa mzima kama ulivyotoka, bila kuufupisha. Ambatisha na skripti yenyewe kama maandishi, siyo picha ya skrini, ili aweze kuinakili na kuiendesha kwake. Punguza kwanza skripti hadi ibaki sehemu ile tu inayoleta kosa. Mara nyingi kosa lenyewe hujitokeza wakati unapunguza, na hutalazimika tena kuuliza.